Mgeni Asiye na Mdomo

Wangila alikuwa na mdomo, hilo hata adui zake walikubali. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya maikrofoni katika jumba la video la Kiarie, mjini Kitale, akiwatafsiria watu filamu za Kichina, za Kihindi na za Kizungu kwa Kiswahili cha kuongeza chumvi. Kichina hakujua hata salamu, na wala hakuona haja. Jambazi akirushwa nje kupitia dirisha la ghorofa, Wangila alisema, "Huyo ametumwa sukari, anarudi sasa hivi," na watu walicheka mpaka benchi likapinduka. Walimwita DJ Radi, na wengine walisema kwamba filamu isiyopitia kwake ni mboga isiyotiwa chumvi.

Lakini mkewe, Nakhumicha, aliyekuwa fundi wa nguo, alisema ameolewa na redio ambayo ikifika nyumbani mawe ya betri yanaisha. Wangila alikula, akanawa, akalala. Neno "asante" lilimtoka kwa shida kama jino la gego. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Maneno ya steringi alikuwa nayo, ya jambazi alikuwa nayo, hata ya farasi alikuwa nayo. Yake mwenyewe ndiyo hakuyaona.

Wangeendelea hivyo mpaka uzeeni kama si matanga ya Mzee Mukhisa, baba yake Nakhumicha, kule Bokoli, Bungoma. Mzee Mukhisa alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na kofia, ambaye vijana wakimwona njiani walificha sigara. Siku ya mazishi wakwe walipewa nafasi ya kusema machache. Wangila akapewa kipaza sauti. Akasimama mbele ya jeneza, mbele ya hema lililojaa, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Watu wakangoja. Pasta akakohoa. Ndipo Wangila, machozi yamemsimama machoni, akapaza sauti yake ya jumba la video: "Steringi hafi!"

Kwa asiyejua mambo ya video, steringi ni yule mkubwa wa filamu. Apigwe risasi, aangushwe mtoni, agongwe na treni, ataamka tu. Hema zima lilipasuka kwa kicheko. Vijana walipiga mbinja. Mama Nasambu, mjane wa marehemu, alijifunika leso usoni, na Nakhumicha akamtazama mumewe kwa namna ambayo Wangila alitamani ardhi immeze.

Mdomo uliponza kichwa. Jioni ile Nakhumicha alimwambia, "Wewe rudi Kitale kwa filamu zako. Mimi nabaki na mama."

Kwa nini Wangila alisema neno lile? Alikuwa na sababu, tena sababu nzuri, ila alikuwa ameapa asiitoe, na kiapo ni kiapo. Kwa hiyo alinyamaza. Wiki zikawa miezi. Cherehani ya Nakhumicha ikashika vumbi, na Wangila akawa anakula mandazi asubuhi, mandazi jioni. Alimtuma kaka yake mkubwa, Levi, aende Bokoli kuomba msamaha kwa niaba ya ukoo. Levi alirudi amenuna.

"Mama Nasambu anasema hivi," Levi alisema. "Ule mdomo ulikuja kuchekesha watu kwa matanga, ndio uje mwenyewe uombe pole. Mdomo ya kuazima hataki."

"Sasa nitaendaje, bana? Si unajua yeye ni mama mkwe!"

"Ndio hapo," Levi alisema, akaomba chai.

Huo ndio uliokuwa mkwamo. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawachezi karibu. Hawapeani mkono, hawaketi chini ya paa moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi. Ni heshima kubwa na nzuri, lakini haikuwekewa mlango wa mtu anayetaka kuomba radhi. Mama mkwe anautaka mdomo wa Wangila mwenyewe, na mila haimruhusu Wangila kuupeleka.

Katika hali hiyo ndipo Kiarie, mwenye jumba, aliporudi kutoka Nairobi na filamu mpya. Kiarie alikuwa mtu wa biashara ambaye wazazi wake walitoka nchi ya Wakikuyu wakaja kulima Trans-Nzoia, naye hakuamini kitu kisichokuwa na vita ndani yake. "Hii ni ya watu wa sayari nyingine, DJ," alisema. "Hao jamaa wakishuka huwa ni kuchoma miji tu. Jiandae na sauti za bomu."

Jumapili alasiri jumba likajaa. Walifika hata vijana kutoka kule Kwanza, nje ya mji, waliokuja kuona miji ikichomwa. Filamu ikaanza. Chombo kikatua polepole katika shamba la ngano la mama mmoja mjane, Mzungu, anayeishi peke yake. Akatoka mgeni mrefu wa shingo ndefu, ngozi ya kijivu, macho makubwa ya upole. Hakuwa na mdomo. Akitaka kusema, alivuma kifuani kama mzinga wa nyuki, na aliyetengeneza filamu hakuandika popote maana ya mvumo ule.

"Anasema amepotea, anauliza barabara ya Kapenguria," Wangila akatafsiri, na watu wakacheka. Mambo yalianza vizuri.

Ila muda ukaenda na hakuna aliyekufa. Mjane akamwonyesha mgeni kuku wake. Mgeni akashika yai akalitazama. Wakakaa barazani wakitazama mvua.

"Hata kofi?" Kiarie alilalamika kutoka mlangoni. "Filamu nzima, hata kofi hakuna?"

"Si angalau mtu aibe kitu," akadakia mwingine.

Mama mmoja aliyeketi mbele alikuwa na hasira za aina nyingine. Alitaka kujua ni nyumba gani hiyo ambamo mgeni ametoka sayari nzima ingine na anapewa maji baridi kwa gilasi, ilhali kuku wanatembea pale uani. "Ati hata mmoja hachinjwi!" alisema. "Mimi ningekuwa huyo mgeni ningerudi kwetu nikawasema."

Kisha siri ikafunuliwa. Mgeni alikuwa amekuja kumtafuta ndugu yake, ambaye chombo chake kilianguka hapo miaka mingi nyuma. Mjane akamshika mkono, akampeleka nyuma ya ghala, akamwonyesha kaburi dogo lililopaliliwa vizuri. Alikuwa amemzika mwenyewe na kulitunza miaka yote. Mgeni akapiga magoti, akaanza kuvuma, akavuma, akavuma.

Jumba likatulia tuli. Wangila akashika maikrofoni na kwa mara ya pili maishani mwake hakupata neno.

"DJ, anasema nini?" mtu akauliza.

"Anasema..." Wangila alianza. "Anasema bei ya mbolea imepanda."

Hakuna aliyecheka. Kwenye safu ya kati aliketi Kipruto, mwanabodaboda mwenye kifua kama mlango wa stoo, ambaye tayari alikuwa amevaa helmeti yake na kuteremsha kioo. Kutoka ndani ya helmeti ile ilitoka sauti nzito, yenye mafua: "DJ, heshimu maiti."

Neno lile lilimchoma Wangila kuliko matusi. Alizima maikrofoni, akaiacha filamu imalizike yenyewe. Taa zilipowashwa wanaume wazima walikuwa wanapangusa macho na kumlaumu mwenye kukaanga sambusa nje, kwamba vitunguu vyake ni vikali mno. Kipruto hakuvua helmeti. Alitoka nayo, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Habari za wanaume waliolia Kitale hazikukawia kufika Bungoma. Siku chache baadaye Wangila alipigiwa simu na Fridah, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa la Bokoli.

"Niaje, DJ. Hiyo firamu inaliza wanaume, tunaitaka hapa," Fridah alisema. "Wanaume wetu wamekauka sana. Tumeongea na pasta, amekubali."

Wangila alitaka kukataa. Kisha akakumbuka ni nani anayeketi benchi la mbele kwa kina mama wa Bokoli, na ni nani anayeketi pembeni yake. Akasema, "Tutakuja."

Siku yenyewe walifunika madirisha ya kanisa kwa mablanketi, wakatundika shuka jeupe. Kiarie alikuwa amekwisha kupanga mashine yake aliposikia ugomvi mlangoni. Mama Nasambu amefika, na mkwewe yuko ndani! Wazee wa kanisa wakakusanyika. Mmoja akasema DJ aende nyumbani. Mwingine akasema Mama Nasambu ndiye aende, na mara moja akajuta. Mwishowe mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, akagundua kwamba chumba kinachohifadhi majoho ya kwaya kilijengwa baadaye, na kina mabati yake mwenyewe. Alitoka nje, akainua uso, akakagua.

"Paa ni mbili," akatangaza. "DJ akae kwa majoho, shuka lihamishiwe hapo mlangoni katikati. Mwiko haujavunjwa."

Basi Wangila akaketi katikati ya majoho mekundu, maikrofoni mkononi, akiitazama filamu kupitia nyuma ya shuka, kila kitu kimegeuka, kushoto kikiwa kulia. Mbele ya shuka aliketi mama mkwe. Kitambaa tu ndicho kilichowatenga.

Alitafsiri kwa adabu siku hiyo. Watu wa Bokoli walicheka kidogo, wakaguna sana, na suala la kuku likazuka tena, mara hii kwa nguvu zaidi. Hatimaye mjane akampeleka mgeni kaburini. Mgeni akapiga magoti. Akaanza kuvuma. Wangila akafungua mdomo, akaufunga.

"Mbona DJ ananyamaza?" Fridah aliuliza. "Anasema nini huyo?"

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke mzee, si kali, imenyooka tu. "Hapana. Mimi ndio nataka kuuliza huyo mgeni kitu."

Kanisa zima lilijua ni sauti ya nani. Na tazama akili ya Mama Nasambu: mila ilimkataza kubishana na mkwewe, lakini tangu dunia iumbwe hakuna mila iliyomkataza mtu kubishana na mgeni kutoka sayari nyingine.

"Huyu ameingia kwa boma ya mjane," Mama Nasambu alisema, akilielekea shuka. "Kaburi iko hapo. Mbona haanzi na pole?"

Nyuma ya shuka Wangila alilowa jasho. Akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Anasema pole," akajibu kwa sauti ndogo ambayo Kitale hawakuwahi kuisikia. "Anasema, mama, pole sana. Ilifaa niseme siku ile ile."

"Na siku hiyo mdomo yake ilikuwa wapi?"

"Anasema hana mdomo, mama. Ana maneno mengi ya watu wengine. Yake mwenyewe akiyatafuta hayaoni."

"Eee!" kina mama wakaitikia.

"Mwambie kwa matanga watu hawachekeshwi."

Kwenye filamu hakuna aliyekuwa amechekesha matanga yoyote. Watu wakaanza kutazamana. Benchi la mbele lote likageuka kumwangalia Nakhumicha, naye akawa anatazama shuka bila kupepesa, mikono imekunjwa kifuani.

Ila filamu haingoji mtu. Wakati Wangila akitafuta jibu, yule mgeni aliinuka, akamgusa mjane shavu, akaelekea kwenye chombo chake.

"Anaenda wapi?" mtu akapiga kelele.

"Hajala! Hajala huyo!"

"Ndivyo walivyo," Mama Nasambu alisema. "Akiulizwa maswali, anatoroka."

Chombo kikaanza kupaa kwa taa na muziki wa huzuni. Fridah alisimama juu ya benchi, kitambaa kikamdondoka kichwani. "Wewe mwenye mashine! Rudisha huyo mtu!"

"Mama, hiyo ndio mwisho ya filamu," Kiarie alijaribu kueleza.

"Mwisho ya nani? Mazungumzo haijaisha! Rudisha!"

Kiarie akatazama kundi la kina mama waliokuwa wakimkaribia, akabonyeza. Na Bokoli yote ikashuhudia chombo kikirudi chini kinyumenyume, mlango ukafunguka, na mgeni akatoka kwa mgongo, akatembea kisigino mbele mpaka kaburini, akapiga magoti tena. Watu wakashangilia. Kiarie, bila kuambiwa, akaisimamisha picha hapo hapo.

"Haya," Mama Nasambu alisema. "Sasa aseme. Ile neno ya siku ile aliitoa wapi?"

Wangila aliyatazama majoho yaliyomzunguka. "Mgeni anasema aliapa, mama. Hawezi kusema."

"Aliapia nani?"

"Aliapia... aliapia huyo wa kaburini."

Hapo hata watoto wachanga walinyamaza. Mama Nasambu alivuta pindo la leso.

"Huyo wa kaburini hatakudai tena," alisema pole pole. "Mimi ndio nimebaki kwa nyumba yake, na mimi nakufungua. Sema."

Wangila aliona mgeni hatamfaa tena. Akamwacha pale alipopiga magoti.

"Mama, ni mimi," alisema. "Mzee alikuwa anakuja kwangu. Kitale. Zile Jumatano alikuwa anasema ni mkutano ya ushirika, hakukuwa na mkutano. Alikuwa kwa video."

Pasta alishika kichwa.

"Alikuwa anavuta kofia hivi, hatusalimiani, kwa sababu ya heshima. Mimi najifanya simjui, yeye anajifanya hanijui. Akinunua njugu, ananiletea pakiti moja kupitia kwa mtu mwingine. Siku moja alinikuta nje akageukia ukuta, akaambia huo ukuta, 'Mtu akijua nimekuwa hapa, nimekwisha kanisani. Apa.' Na mimi nikaapia ukuta." Wangila alivuta pumzi, na vipaza sauti vyote vikaivuta pamoja naye. "Steringi akipigwa risasi, watu wote wananyamaza. Hapo nyuma kwa kona ndio inatoka sauti moja tu: 'Steringi hafi!' Ni yeye. Kila Jumatano ni yeye. Hiyo neno si yangu, mama. Siku ile nilisimama mbele yake nikatafuta neno yangu nikakosa. Nikapata yake tu. Nilikuwa namjibu."

Akashindwa kuendelea. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kati ya majoho ya kwaya, akidhani ameizima maikrofoni. Hakuwa ameizima. Bokoli yote ilimsikia mpaka barabarani.

Mama Nasambu aliinamisha uso ndani ya leso. Mabega yake yakaanza kutikisika. Fridah akamshika mkono akidhani analia.

"Mkutano ya ushirika!" Mama Nasambu alisema. "Mayi! Na mimi nilikuwa nampigia pasi shati ya mkutano! Nampakia na viazi, ati asilale njaa akiongoza watu!" Akapiga mapaja, akacheka mpaka leso ikaanguka, akacheka na machozi yakimtiririka, na kicheko kikaenda benchi hadi benchi mpaka kikamfikia pasta, ambaye alijaribu kuomba dua, akashindwa. Wanaume wa Bokoli walilia pia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu anayekaanga vitunguu, hawakuwa na wa kumlaumu. Fridah aliwahesabu akaridhika.

Filamu haikuchezwa tena hadi mwisho. Mpaka leo ukiwauliza watu wa Bokoli habari za yule mgeni, watakuambia hakuondoka, alibaki kwa yule mama akamsaidia kulima. Ukibisha utaambiwa wewe hukuwepo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ingawa nadhani hawakuwaza ya sayari nyingine.

Watu walipotoka kwenda kula, Wangila alibaki pale pale, akiona aibu kutoka. Shuka likasogezwa. Aliingia Nakhumicha na sahani ya ugali na kuku. Wangila aliitazama sahani kabla ya kumtazama mkewe, kwa maana sahani ndiyo ingesema hukumu. Mkwe akipewa kuku bila firigisi, hilo ni tusi la kubeba mpaka kaburini. Firigisi ilikuwa juu kabisa, katikati, haikuguswa na mtu.

"Mama anasema ule," Nakhumicha alisema, akaketi kwenye rundo la majoho. Alimwangalia mumewe akinawa, akiuma, akitafuna. Wangila alimeza tonge, akainua macho.

"Asante," alisema. Lilitoka bila shida, na wote wawili wakashtuka.

Nakhumicha alicheza na pindo la joho moja. "Baba alikuwa anakaa wapi kabisa?"

"Nyuma. Benchi ya mwisho, kona ya mlango. Siku hizi nikifungua, hakuna mtu namruhusu akae hapo."

"Jumatano mnafungua saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi maliza kula," Nakhumicha alisema. "Nataka tukawahi hiyo kona."